Sensa ya Hewa ya Gari: Ipimwe Kwanza, Ndipo Ibadilishwe



Siku hizi vijijini tumezoea magari madogo kutoka Japani. Ni Probox, Noah, Hiace na mengine. Gari moja hubeba nyanya alfajiri na abiria mchana. Usiku likiitwa, linampeleka mama mjamzito hospitali. Mara nyingi gari hilo si la tajiri mmoja. Ni la kikundi. Limenunuliwa kwa fedha za mahindi, za mbuzi na za kukopeshana. Kwa hiyo likianza kukosa nguvu, wanaoumia ni wengi.

Na likikosa nguvu, maneno huwa mengi. Huyu atasema ni plagi. Yule atasema ni pampu ya mafuta. Wa tatu atasema injini imekufa, tafuteni injini nyingine. Leo tutajifunza juu ya kifaa kimoja kidogo, unaweza kukifunika kwa kiganja cha mkono, ambacho kikiharibika gari zima huonekana limezeeka. Tutaona pia kwamba kifaa hicho husingiziwa sana. Watu hukitupa kikiwa kizima.

KIFAA HIKI NI KITU GANI?

Mafundi wanakiita sensa ya hewa. Wengine husema "maf", kwa sababu herufi MAF ndizo zinazoonekana kwenye mashine ya kupimia magari. Neno sensa lisikuchanganye. Siyo ile sensa ya watu, kama iliyofanyika Tanzania mwaka 2022. Ila hata hii kazi yake ni kuhesabu. Inahesabu hewa inayoingia katika injini.

Kwa nini hewa ihesabiwe? Fikiria moto wa jikoni. Kuni zikijaa mno na hewa ikakosa pa kupita, moto hautawaka vizuri, utatoa moshi tu. Petroli nayo ni hivyo hivyo. Ili kilo 1 ya petroli iungue vizuri, inahitaji hewa ya kilo 14.7 hivi. Ndiyo, hewa ina uzito, ingawa hatuioni. Tukiihesabu kwa lita, lita 1 tu ya petroli inamaliza karibu lita 9,000 za hewa. Hayo ni mapipa 45 ya lita 200! Basi unaona kwamba kinachoingia kwa wingi katika injini ni hewa, wala siyo mafuta.

Magari ya zamani yalikuwa na kabureta. Kabureta haikuwa na kompyuta. Gari la kabureta lililorekebishwa pwani likipanda nyanda za juu huweza kutoa moshi mweusi, kwa sababu hewa ya milimani ni nyepesi, lakini petroli inaingia karibu kama ilivyokuwa pwani. Magari ya siku hizi yana kompyuta. Sensa inaiambia kompyuta, "Sasa hivi imeingia hewa kiasi hiki." Kompyuta inapiga hesabu, kisha inaziamuru nozeli zipulize petroli ya kulingana na hewa hiyo. Sensa ikisema uongo, hesabu yote inaharibika.

Sensa inajuaje? Ndani yake mna waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Wewe ukiwa na uji wa moto, unaupuliza ili upoe. Ukipuliza kidogo, unapoa polepole. Ukipuliza kwa nguvu, unapoa upesi. Hewa inayoingia katika injini inaupuliza ule waya vivyo hivyo. Lakini umeme hauruhusu waya upoe. Hewa ikizidi, umeme nao unaongezwa ili waya ubaki moto, kama mama anayeongeza kuni ili chungu kisiache kuchemka. Kompyuta inaangalia tu "kuni" zimetumika kiasi gani. Kwa hesabu hiyo inajua ni hewa kiasi gani imepita.

Sasa waya huo ukipakwa vumbi na mafuta, ni kama mtu aliyejifunika blanketi. Upepo unavuma, yeye hausikii vizuri. Hewa imeingia nyingi, sensa inasema imeingia kidogo. Kompyuta inatoa petroli kidogo. Gari linakosa nguvu.

Angalia: siyo kila gari lina sensa hii. Magari mengine ya petroli hupima mkandamizo wa hewa badala ya wingi wake, na sensa yake ni nyingine. Land Cruiser za dizeli za zamani zenye injini ya 1HZ hazina kabisa. Fundi akikuambia sensa ya hewa ya gari kama hilo imekufa, mwombe akuonyeshe ilipo.

DALILI ZAKE

Sensa ikihesabu pungufu, gari linakuwa zito mlimani. Unakanyaga mafuta, linasitasita kwanza, kisha linakwenda kwa kushtuka. Dereva analazimika kubaki katika gia ndogo muda mrefu, na mafuta yanakwenda bure. Ikihesabu kupita kiasi, petroli inaingia nyingi mno. Moshi wa bomba unakuwa mweusi na unanuka petroli. Pengine gari halikai sailensa: linawaka, linatetemeka, linazimika. Taa ya cheki injini inaweza kuwaka. Lakini usiingoje. Sensa chafu inaweza kukusumbua miezi na taa isiwake.

Shida ni kwamba dalili hizi zote si za sensa peke yake. Ea klina iliyoziba ina dalili hizo hizo. Plagi zilizochoka pia, na chujio la mafuta lililoziba, na pampu iliyodhoofika. Ndiyo maana tunasema ipimwe.

DAFTARI LA GARI

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi cha akina mama wauza nyanya kina gari aina ya Probox. Katibu wao alijifunza kusoma na kuandika katika kisomo cha watu wazima, naye ameanzisha daftari la gari. Kila safari anaandika tarehe, kilomita na lita za petroli. Kwenda mjini na kurudi ni kilomita 120. Mwezi wa Juni kila safari ilimaliza lita 10. Mwezi wa Agosti, wakati wa vumbi, lita 11. Mwezi wa Septemba, lita 12, na mzigo ni ule ule.

Kabla taa yoyote haijawaka, daftari limekwisha sema kuna jambo. Na bila daftari, dereva angeshukiwa kuiba mafuta. Vikundi vingi vimevunjika kwa shuku za namna hiyo.

Basi anaitwa fundi. Anafika, anasikiliza injini kidogo, anafunga boneti.

"Mama, hii ni sensa ya hewa. Nipeni hela nikanunue."

"Umeipima, mwanangu?"

"Mama, mimi hizi gari nimezizoea. Dalili zake nazijua."

"Sikatai, baba. Lakini hela hizi si zangu. Kwenye mkutano wataniuliza, nitawajibu nini? Hebu tuanze na vile visivyo na gharama, tuone."

Katibu huyu ana haki. Wala hakumvunjia fundi heshima. Sasa na sisi tufuate njia hiyo hiyo, tukianza na vya bure.

TUANZE NA MACHO NA MIKONO

Zima gari, ngoja injini ipoe kiasi. Fungua kasha la ea klina na utoe chujio. Liinue juani. Kama mwanga haupenyi, limeziba. Kama lina tundu, vumbi limekuwa likipita moja kwa moja hadi kwenye sensa. Watu wengine hufua chujio la karatasi kwa sabuni, wengine hulipaka mafuta ya injini ili eti lishike vumbi vizuri. Yote mawili ni mabaya. La kufua karatasi yake huchanika, na la mafuta huipaka sensa mafuta. Tazama pia kama vibanio vya mfuniko vinashika. Kibanio kimoja kikivunjika, mfuniko unaachia upenyo, na barabara zetu mnazijua.

Kisha fuata bomba la mpira linalotoka kwenye sensa kwenda kwenye injini. Likunje kwa mikono, tazama ndani ya mikunjo yake. Ufa ukiwepo hapo, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, baada ya sensa kuwa imekwisha hesabu. Tuiite hewa ya wizi. Sensa ni nzima, inasema kweli, lakini kuna hewa isiyopita mbele yake. Hewa ya wizi huonekana zaidi gari likiwa sailensa: linatetemeka na kutaka kuzimika, lakini ukikanyaga mafuta linatulia. Sensa chafu mara nyingi ni kinyume chake. Sailensa inaweza kuwa nzuri, ila ukidai nguvu mlimani huipati. Tofauti hii ikumbukeni, inasaidia sana.

Tazama na nyaya. Gari likilala karibu na ghala la mahindi, panya huingia chini ya boneti na kutafuna nyaya. Waya mmoja ukikatika, utanunua sensa mpya tatu na gari litabaki vile vile.

Jaribio jingine la bure ni kuichomoa sensa. Zima gari kwanza. Bonyeza kibanio cha soketi yake, chomoa soketi. Washa gari. Taa ya cheki injini itawaka, usishtuke. Kompyuta sasa haina habari za hewa, kwa hiyo inakisia. Kama gari sasa linakwenda vizuri kuliko mwanzo, basi sensa, au waya zake, ndiyo iliyokuwa ikiidanganya. Kama halikubadilika, tafuta kwingine kwanza. Jaribio hili ni kama ushahidi wa jirani: linasaidia, lakini halitoshi kuhukumu. Magari mengine huzimika mara tu ukiichomoa, na hilo halina maana kwamba ni bovu.

KUISAFISHA

Sensa ya Probox imekaa juu ya kasha la ea klina, imeshikwa na skrubu mbili. Gari likiwa limezimwa, chomoa soketi, legeza skrubu kwa bisibisi ya nyota, ivute juu taratibu. Ichungulie. Utaona vijiwaya vyembamba kama nyuzi. Wakati mwingine utakuta unyoya au utando wa buibui. Mara nyingi ni vumbi jekundu lililogandamana.

Sasa sikilizeni vizuri. Msiguse vijiwaya kwa kidole. Msivifute kwa pamba wala kitambaa wala mswaki. Msivipulize kwa upepo wa kujazia matairi. Vinakatika mara moja. Petroli nayo isitumike. Inaacha utando, tena waya hupata moto na mvuke wa petroli unaweza kulipuka. Hata dawa ya kusafishia kabureta na ya breki hazifai, zinaweza kuharibu plastiki. Iko dawa ya kopo iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa ya hewa tu, na kopo limeandikwa hivyo. Soma kopo kabla ya kulipa. Puliza mara kadhaa kutoka mbali kidogo, geuza, puliza tena. Iache ikauke yenyewe nusu saa. Usiikaushe kwa moto. Kisha irudishe.

Kwa maoni yangu, kazi hii ifanyike kabla ya mazungumzo yoyote ya kununua. Sensa nyingi hupona hapa.

KUIPIMA KWA MITA NA MASHINE

Katika mfano wetu, tuseme fundi amekuta kibanio cha mfuniko kimevunjika na sensa imejaa vumbi. Ameisafisha. Gari limepata nafuu kidogo, lakini kilima bado ni taabu. Sasa ndipo ipimwe kwa vyombo.

Chombo cha kwanza ni mita ya umeme. Sensa za Toyota za aina hii zina waya 5. Mbili ni za kupimia joto la hewa. Tatu ni za kazi yetu: mmoja unaleta umeme wa betri, mmoja ni wa ethi, na mmoja unapeleka habari kwenye kompyuta. Ufunguo ukiwashwa, waya wa umeme uonyeshe volti 12 hivi. Usipoonyesha, ubovu ni wa fyuzi au waya, sensa haina kosa. Kama umeme upo na ethi ni nzuri, washa injini upime waya wa habari. Gari likiwa sailensa, mara nyingi mita husoma volti 1 na kitu. Ukikanyaga mafuta kwa ghafla, namba ipande upesi, ifike 2 na zaidi, kisha ishuke. Kama namba imeganda mahali pamoja wakati injini inanguruma, hapo umemkamata mwizi.

Chombo cha pili ni mashine ya kupimia. Inachomekwa chini ya dashibodi, karibu na usukani. Muulize fundi mambo mawili. La kwanza, namba gani ya kosa imeandikwa? Namba P0100 hadi P0103 zinahusu sensa ya hewa pamoja na waya zake. Namba P0171 ina maana nyingine: petroli ni kidogo kuliko hewa. Inaweza kusababishwa na sensa, au na hewa ya wizi, au na pampu. Mtu asikuuzie sensa kwa P0171 peke yake. La pili, sensa inasoma gramu ngapi? Injini ya lita 1.5 ikiwa imepata moto na ipo sailensa, gramu 2 au 3 za hewa kwa sekunde ni kawaida. Ukikanyaga mafuta, ziongezeke mara. Magari mengine yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki na kila mashine, kwa hiyo fundi akishindwa kusoma, jaribuni mashine nyingine kwanza.

Fundi wetu amepima. Umeme upo, ethi ipo, waya wa habari umeganda volti 1.3, ukikanyaga ni 1.4. Amempa mama katibu mita aisome mwenyewe. Sasa katibu ana jibu la kupeleka mkutanoni.

KUNUNUA NA KUFUNGA

Juu ya mwili wa sensa pameandikwa namba. Sensa nyingi za Toyota za aina hii namba yake huanza na 22204. Andika namba yote kwenye daftari, tarakimu kwa tarakimu, na sensa ya zamani uibebe mkononi unapokwenda dukani. Ziko sensa zinazofanana kama pacha lakini zinahesabu tofauti, maana zimetengenezwa kwa bomba la upana mwingine. Spea bandia nazo ni nyingi. Kama fedha ni kidogo, mimi ningechukua iliyotumika, halisi, iliyotolewa kwenye gari la aina ile ile, kuliko mpya ya bei ya kutupa. Patana na mwenye duka kwa maandishi: isipofanya kazi, airudishe. Chukua risiti.

Kufunga ni kazi ndogo. Ufunguo uwe umetolewa. Tazama kama mpira wa duara kwenye shingo ya sensa ni mzima, maana ukichanika hewa itapenya. Sensa zilizo ndani ya bomba lake zina mshale, nao uelekee upande wa injini. Kaza skrubu kwa kiasi, ni plastiki hiyo. Chomeka soketi mpaka isikike "tak". Kisha namba za kosa zifutwe kwa mashine. Pasipo mashine, magari mengi ya zamani kidogo hukubali kuondolewa waya hasi wa betri kwa dakika kadhaa, ingawa saa na redio zitapoteza kumbukumbu.

Kibanio kile kilichovunjika kitengenezwe siku hiyo hiyo, na chujio jipya liwekwe. La sivyo vumbi lililoua ya kwanza litaua na ya pili.

Mwisho, gari lipande kilima kile kile, na mzigo ule ule. Ujira wa fundi ulipwe hapo. Katibu aendelee kuandika lita kwa safari tatu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari lilitumia lita 10 kwa kilomita 120. Sasa linatumia lita 12. Lita 1 ilikuwa inakwenda kilomita ngapi, na sasa inakwenda ngapi?

2. Kwa nini hewa ya wizi haiwezi kuhesabiwa na sensa?

3. Gari linatetemeka likiwa sailensa, lakini likikanyagwa mafuta linatulia. Mtaanza kutazama wapi?

4. Soketi ya sensa imechomolewa na gari halikubadilika hata kidogo. Fundi bado anataka fedha ya sensa mpya. Mtamwambia nini?